Sura ya Sita: Ganzi ya Mdomo wa Chini

Mwaka 1830 Charles Bell, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Middlesex hapa London, alitoa kitabu kuhusu mishipa ya fahamu ya mwili wa binadamu. Bell ndiye yule ambaye jina lake hadi leo limebaki kwenye maradhi ya kupooza upande mmoja wa uso. Miongoni mwa wagonjwa aliowaeleza alikuwamo bibi mmoja mzee mwenye saratani ya titi, ambaye mdomo wake wa chini ulikuwa umekufa ganzi.

Mshipa unaoleta hisia kwenye kidevu na mdomo wa chini hupita ndani ya mfupa wa taya, kisha hutokeza kupitia kitundu kidogo. Saratani iliyotoka kifuani ikitua kwenye mfupa huo, au ikatua juu zaidi kwenye utando unaofunika ubongo, mshipa hubanwa na mtu huacha kuusikia mdomo wake mwenyewe. Madaktari wa neva bado wanafundishwa dalili hiyo. Mtu mzima akifa ganzi kidevuni bila kung'olewa jino wala kuumia taya, inapasa achunguzwe saratani, na saratani ya titi iko mbele kabisa katika zile zinazotafutwa.

Hospitali ya Middlesex haipo tena. Ilifungwa mwaka 2005, majengo yakabomolewa, kikabaki kikanisa chake chenye kuta za marumaru katikati ya ofisi na nyumba za bei kali za Fitzrovia. Lakini hapo ndipo tangu 1792 palipokuwa na wodi ya wagonjwa wa saratani, walioruhusiwa kukaa hadi wapate nafuu au wafe, wakati ambapo hospitali nyingi zilikuwa haziwataki wasiotibika. Naamini uangalizi wa namna ile ndio uliowafundisha madaktari wa London jambo ambalo mgonjwa wa kawaida hajaambiwa hadi leo: kwamba saratani ya titi ikirudi, mara nyingi hairudi titini. Hurudi mgongoni, kwenye nyonga, kwenye ini, kwenye jicho linaloona vitu viwili viwili, kwenye kidevu. Na huweza kurudi baada ya muda mrefu kiasi kwamba mgonjwa na daktari wake wote wameshaacha kuifikiria.

Katika nyumba za Waswahili wa East London, na bila shaka Mombasa na Dar es Salaam pia, mwanamke akitimiza miaka mitano tangu atibiwe hufanyiwa dua ya shukrani. Hupikwa biriani, jamaa hukusanyika, machozi ya furaha hutoka. Ni haki yake. Miaka mitano ya kumeza dawa kila siku, ya joto la ghafla usiku na viungo kuuma, si kitu kidogo. Tatizo ni kile ambacho wengi wanaamini wanakisherehekea. Wanaamini hesabu imefungwa.

Miaka mitano ilitokana na namna ya kutibu na namna ya kuhesabu. Tamoksifeni, dawa iliyobadilisha maisha ya mamilioni ya wanawake, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1962 na mkemia Dora Richardson katika maabara za kampuni ya ICI huko Cheshire, katika kutafuta dawa ya uzazi wa mpango. Ikaruhusiwa kutibu saratani ya titi Uingereza mwaka 1973. Baadaye majaribio yakaonyesha kwamba kuitumia kwa miaka mitano ni bora kuliko kuitumia mwaka mmoja au miwili, na miaka mitano ikawa kipimo cha kawaida. Takwimu za saratani nazo zilizoea kuhesabu nani yu hai baada ya miaka mitano. Mambo hayo mawili yakakutana katika akili za watu, yakazaa imani kwamba saratani yenyewe inaijua tarehe hiyo.

Haiijui. Mwaka 2017 kundi la watafiti linaloratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oxford lilichapisha hesabu ya wanawake 62,923 waliotoka katika majaribio 88. Wote walikuwa na saratani inayolishwa na homoni ya estrojeni, aina ambayo ndiyo iliyo nyingi kuliko zote. Wote walitumia dawa ya kuzuia homoni kwa miaka mitano na kufika mwisho wa mwaka wa tano bila dalili yoyote. Watafiti wakaangalia kilichowapata kuanzia hapo hadi mwaka wa ishirini. Saratani iliendelea kurudi kwa mwendo uleule, mwaka baada ya mwaka, bila kupungua. Kwa waliokuwa na uvimbe mdogo wa chini ya sentimita mbili, na tezi za kwapani zikiwa safi, 13 katika kila 100 walirudiwa na ugonjwa mahali mbali na titi kati ya mwaka wa tano na wa ishirini. Kwa waliokuwa na uvimbe wa kati ya sentimita mbili na tano, na tezi nne hadi tisa zilizoingiwa, walikuwa 41 katika kila 100.

Takwimu hizi zisomwe kwa utulivu. Wanawake wale walitibiwa miaka mingi iliyopita, kwa dawa za wakati huo, na wanaotibiwa leo wana nafasi nzuri zaidi. Na katika lile kundi la kwanza, 87 katika 100 hawakurudiwa. Lakini hakuna kundi hata moja ambalo hatari ilifika sifuri.

Tena si kila saratani ya titi ina tabia hiyo. Ile isiyo na vipokezi vya homoni wala kipokezi kiitwacho HER2, ambayo huwapata wanawake weusi zaidi kuliko wazungu, hurudi zaidi katika miaka ya mwanzo, na aliyevuka miaka mitano akiwa salama ana sababu nzuri ya kushusha pumzi. Kwa hiyo neno saratani ya titi peke yake halitoshi. Mgonjwa anapaswa kujua yake ilikuwa ya aina gani, kama anavyojua kundi lake la damu. Nimekutana na wanawake wasomi, wanaoweza kukutajia mpaka alama za kila mtihani wa watoto wao, wasiojua kama saratani yao ilikuwa ya homoni au la. Hawakuambiwa kwa lugha iliyoingia akilini, au waliambiwa siku ambayo hakuna kitu kingeingia.

Seli zinakaa wapi miaka yote hiyo? Swali hilo lina historia yake London. Tarehe 23 Machi 1889, jarida la The Lancet lilichapisha makala ya daktari wa upasuaji Stephen Paget, aliyekuwa na miaka 33. Babake, Sir James Paget, alikuwa bingwa wa hospitali ya St Bartholomew's, na jina lake limebaki kwenye aina moja ya ugonjwa wa chuchu. Kijana huyu alikusanya taarifa za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akaangalia ugonjwa ulikuwa umefika wapi. Kwenye ini aliikuta mara 241. Kwenye wengu, kiungo kinachopata damu nyingi pia, mara 17 tu. Kama saratani ilikuwa inasambaa ovyo, inakwenda popote damu inapokwenda, tofauti hiyo isingekuwapo. Paget akasema seli zinazosafiri ni mbegu, na mbegu hutawanyika kila upande, lakini huota tu kwenye udongo unaozikubali. Alilalamika kwamba wataalamu wote wanaichunguza mbegu, akaomba udongo nao uchunguzwe.

Ilichukua karibu karne nzima asikilizwe. Katikati, mwaka 1954, mwanapatholojia Geoffrey Hadfield aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza juu ya seli ya saratani iliyolala: haijafa, haikui, inasubiri. Leo tunajua kwamba seli kama hizo huweza kutoka titini mapema sana, pengine kabla mwanamke hajagusa uvimbe, zikajificha kwenye uboho wa mifupa na kwingineko. Dawa nyingi za kemikali zinaua seli zinazogawanyika. Seli isiyogawanyika huzipita hivihivi.

Kinachoziamsha bado kinatafutwa, na sehemu ya utafiti huo iko Chelsea, katika Taasisi ya Utafiti wa Saratani iliyo jirani na hospitali ya Royal Marsden. Hospitali hiyo William Marsden aliianzisha mwaka 1851 baada ya mke wake kufa kwa saratani. Mwaka 2023 kundi la Profesa Clare Isacke, pamoja na Dk. Frances Turrell, lilionyesha kwamba katika mapafu ya panya wanaozeeka au wenye makovu, protini iitwayo PDGF-C huongezeka, na seli za saratani ya homoni zilizokuwa zimelala hapo huanza kukua. Walipowapa panya dawa ya imatinibu, ambayo tayari hutumika kwa saratani ya damu, ukuaji ulipungua. Ni panya, si watu. Lakini tazama walichokichunguza: udongo. Mwili unavyozeeka unabadilika, na mahali palipoikatalia seli kwa miaka 15 panaweza kuikubali mwaka wa 16.

Udongo wa ubongo na uti wa mgongo ni wa pekee. Mishipa ya damu ya ubongo imefungwa kwa namna ambayo vitu vingi vilivyomo kwenye damu havipenyi kuingia ndani. Ni ulinzi dhidi ya sumu na vijidudu, na ulinzi huohuo huzuia dawa nyingi za saratani. Seli ikishapenya inakuwa imepata hifadhi: dawa inasafisha ini na mapafu, huku kinundu cha ubongoni kikiendelea kukua. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuambiwa Jumatatu kwamba picha za kifua na tumbo ni nzuri, na Ijumaa akaanguka kifafa.

Aina zinazopenda ubongo zaidi ni ile ya HER2 na ile isiyo na vipokezi. Kwa wagonjwa wa HER2 ambao saratani imeshasambaa, hadi nusu hatimaye hupata vinundu ubongoni. Aina ya homoni, hii inayochelewa, hupenda kwanza mifupa, na mifupa ya mgongo ndiyo inayouzunguka uti. Halafu iko saratani inayoanzia kwenye vifuko vya kutengenezea maziwa, ambayo ni kama 15 katika kila saratani 100 za titi. Mara nyingi haifanyi donge. Seli zake hupangana mstari mmoja mmoja na kupenya taratibu, hata picha ya eksirei ya titi huikosa kwa urahisi. Nyingi zinalishwa na homoni, na zina mazoea ya kurudi mahali pasipotarajiwa: kwenye utando wa tumbo, kwenye matumbo, na kwenye tando laini zinazofunika ubongo na uti wa mgongo.

Nitakaa kidogo kwenye tando hizo, kwa sababu ndipo watu wanapopotezewa muda mwingi.

Chukulia mama wa miaka 63, mzaliwa wa Mombasa, anayeishi Barking. Alikatwa titi miaka 14 iliyopita. Mwezi huu amebadilisha miwani kwa sababu herufi za msahafu zinaonekana mbilimbili. Mwenye duka la miwani amesema ni umri. Sikio la kushoto limeziba, na daktari wa mtaa, GP, amempa matone ya kulainisha nta. Mguu wa kulia unawaka moto kuanzia kiunoni, na hilo kila mtu analijua, ni baridi yabisi au mshipa wa kiuno. Akilala kichwa kinauma, akiamka asubuhi anatapika kidogo. Kila dalili ina maelezo yake, na kila maelezo ni ya kawaida kabisa. Binti yake anamsindikiza.

"Mama, mwambie daktari na ile ya zamani."

"Ile ilishaisha, mwanangu. Tusimchoshe mtu."

Mazungumzo na daktari ni kama dakika kumi. Dalili nne zimegawanyika, na hakuna mtaalamu hata mmoja aliyesikia neno titi. Zikiwekwa pamoja zinasema jambo lililo wazi kwa daktari wa neva: jicho, sikio na mguu vinahudumiwa na mishipa iliyo mbalimbali, na mahali pekee ambapo yote inaweza kuguswa kwa wakati mmoja ni kwenye maji yanayoizunguka ubongoni na mgongoni. Hapo hutakiwa picha ya MRI ya ubongo na uti wote, pamoja na dawa ya kung'arisha inayodungwa mshipani. Pengine huchukuliwa maji ya uti wa mgongo kwa sindano ili yatazamwe kwa hadubini. Sindano ya kwanza huweza isioneshe kitu na ikalazimu kurudiwa. Ugonjwa wa tando ni mbaya kuliko wa kinundu kimoja ubongoni. Bila matibabu, maisha huhesabiwa kwa wiki, na kwa wengi wanaotibiwa ni miezi, ingawa wapo wanaofika mwaka na zaidi, hasa saratani yao inapoitikia dawa. Kuijua mapema hakuiponyi. Lakini huweza kuokoa macho yasizime, miguu isife, na akili ibaki kwa muda wa kusema yanayotakiwa kusemwa.

Uti wa mgongo ukibanwa ni habari nyingine, kwa sababu hapo saa zina thamani. Kinundu kinakua kwenye pingili ya mgongo hadi kinausukuma uti. Kwanza ni maumivu, mara nyingi yale yanayozunguka kifua au tumbo kama mkanda uliokazwa, yanayozidi usiku ukilala au ukikohoa. Kisha miguu inakuwa mizito kupanda ngazi za basi la ghorofa. Kisha mkojo unagoma au unajitokea. Mwongozo wa Uingereza unataka mgonjwa mwenye historia ya saratani na dalili hizi za miguu au mkojo apigwe MRI ya mgongo mzima ndani ya saa 24. Hupewa steroidi ya deksamethasoni ili uvimbe upungue, kisha mionzi au upasuaji. Kanuni inayosemwa na madaktari wote wa fani hii ni ngumu na rahisi kuielewa: anayeanza matibabu akiwa bado anatembea, kwa kawaida ataendelea kutembea. Aliyeletwa miguu imeshakufa, mara nyingi hairudi.

Upasuaji wa namna hii nao una mizizi ya London. Mwaka 1887, katika hospitali ya taifa ya neva iliyoko Queen Square, daktari William Gowers alibaini kwa kumpima mgonjwa tu, bila picha yoyote maana hazikuwapo, mahali uvimbe ulipokuwa unaubana uti wake. Victor Horsley akaufungua mgongo, akautoa, na mgonjwa akatembea tena. Ule haukuwa saratani ya titi, lakini ulithibitisha kwamba uti uliobanwa unaweza kuokolewa. Aliyekuja kuandika wasifu wa Horsley ni Stephen Paget yuleyule, baada ya kuacha upasuaji.

Hospitali hiyo ya Queen Square bado ipo, na siku hizi ina mashine ya Gamma Knife. Mgonjwa hufungwa fremu au barakoa ili kichwa kisisogee hata kidogo. Miale takriban 200, kila mmoja dhaifu peke yake, inakutana kwenye kinundu na kukiunguza, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Zamani karibu kila mwenye vinundu alichomwa mionzi ubongo mzima, na waliobahatika kuishi walilipa kwa kumbukumbu zao. Dawa nazo zimesogea. Trastuzumabu, iliyookoa wengi wa HER2, ni molekuli kubwa mno isiyopenya vizuri kuingia ubongoni. Tukatinibu ni ndogo, na mwaka 2020 jaribio lilionyesha kwamba ikiongezwa kwenye matibabu huwarefushia maisha hata wenye vinundu vya ubongo. Huduma ya afya ya taifa ya England, NHS, ilianza kuruhusiwa kuitumia mwaka 2022.

Waingereza walimwona mwimbaji Linda Nolan akiishi na haya yote hadharani. Aligunduliwa saratani ya titi mwaka 2005, akatibiwa, mwaka uliofuata akaambiwa yuko salama. Mwaka 2017 alianguka, na uchunguzi ukaonyesha saratani imefika kwenye nyonga. Miaka 12 ilikuwa imepita. Mwaka 2023 alitangaza kwenye televisheni kwamba vinundu viwili vimeonekana ubongoni, kimoja kikigusa usemi wake na kingine mizani ya mwili. Aliendelea kuonekana, kuandika na kucheka mbele ya kamera kwa karibu miaka miwili, hadi alipofariki Januari 2025 akiwa na miaka 65. Mdogo wake Bernie alikuwa amekufa mwaka 2013 kwa saratani hiyohiyo, iliyorudi na kufika ubongoni ndani ya muda mfupi zaidi. Damu moja, ugonjwa wa jina moja, kalenda mbili tofauti.

Msomaji atauliza kwa nini basi wagonjwa wa zamani wasipigwe picha za kichwa na mgongo kila mwaka. Uingereza haifanyi hivyo. Kwa kawaida hupigwa picha ya matiti kila mwaka kwa miaka mitano, kisha huingia kwenye utaratibu wa wanawake wote, kila miaka mitatu hadi umri wa miaka 71. Sababu inayotolewa ni kwamba kuwapiga picha watu wasio na dalili hakujathibitika kurefusha maisha, na huleta hofu na uchunguzi usio wa lazima. Naikubali hoja hiyo. Lakini ina upande wa pili ambao hausemwi kwa sauti inayotosha: mfumo usiotafuta ugonjwa umemwachia mgonjwa kazi ya kuutambua. Basi mgonjwa huyo afundishwe. Kumuaga kliniki mwaka wa tano kwa mkono wa heri na karatasi inayohusu titi pekee, bila neno juu ya mgongo, macho na kichwa, si haki.

Huenda damu itasaidia baadaye. Mwaka 2024 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Saratani ya London walieleza kipimo kinachotafuta vipande vya vinasaba vya saratani kwenye damu. Katika wagonjwa 78, wote 11 waliorudiwa na ugonjwa walionekana mapema kwenye kipimo, wastani wa miezi 15 kabla dalili au picha hazijaonyesha chochote. Bado ni cha utafiti, na haijathibitika kwamba kuanza dawa miezi 15 mapema kutabadilisha mwisho wa safari.

Kwa jamii yetu liko jambo la kuongeza, nalo linaniuma. Mwaka 2016 takwimu za England zilionyesha kwamba kati ya wanawake weusi wenye asili ya Afrika waliogunduliwa saratani ya titi, 25 katika 100 walikutwa nayo ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa wazungu Waingereza walikuwa 13. Rudi sasa kwenye ile hesabu ya Oxford. Kilichopandisha hatari ya miaka ya mbele, hata ya mwaka wa 15 na wa 20, ni ukubwa wa uvimbe na idadi ya tezi zilizoingiwa siku ile ya kwanza. Maana yake mwanamke wetu aliyechelewa kwa sababu ya aibu, au ya zamu mbili za kazi, au ya kuogopa wakwe wasisikie, au ya kupewa miadi ya mbali, hakuchelewa mara moja tu. Anaibeba tofauti hiyo miongo miwili. Yeye ndiye anayehitaji kuwa macho kuliko wengine, na ndiye ambaye mara nyingi hakufafanuliwa chochote.

Wako pia mama zetu waliotibiwa katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Nairobi, kisha wakaja kuishi na watoto wao Uingereza. Faili lilibaki kule. Kompyuta ya GP wa hapa haina mstari hata mmoja kuhusu titi lao. Kwa daktari huyo, mama anayelalamika mgongo ni mama mwenye mgongo. Na palipo na lugha kati, mtoto ndiye mkalimani, na mama hatataja titi mbele ya mtoto wa kiume.

Dada yangu, au wewe uliye mume, mtoto au mdogo wa aliyewahi kuugua: maumivu mengi ya kichwa ni maumivu ya kichwa tu, na migongo mingi inauma kwa sababu ya kazi. Usiishi kwa hofu. Ila andika kwenye karatasi moja mwaka uliogunduliwa, titi la upande gani, ilikuwa na vipokezi vya homoni au la, HER2 au la, tezi ngapi ziliingiwa, dawa gani ulitumia na kwa muda gani. Kama hujui, iombe hospitali iliyokutibu, maana taarifa hizo ni zako. Ukiwa London na Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani unapoweka miadi. NHS humleta bila malipo, na unaweza kuomba awe mwanamke. Dalili mpya isiyoeleweka ikikaa wiki mbili, nenda, na sentensi ya kwanza utakayomwambia daktari, kabla ya mguu, kabla ya jicho, iwe kwamba uliwahi kuugua saratani ya titi, hata kama ni miaka 20 iliyopita. Na miguu ikianza kulegea, mkojo ukigoma, ukipata kifafa au usemi ukapotea, usingoje miadi: piga 999 au nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na ile karatasi mkononi.